Nilinunua Laptopu ya Kugeuka Nikasahau Kalamu

Kila Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha watu wazima hisabati katika ukumbi wa kanisa huku Manyatta, Kisumu. Ni watahiniwa wa kibinafsi wa KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya upili: mama anayeuza samaki Dunga, mlinzi wa usiku, vijana wawili wa bodaboda, dada anayeshona sare za shule Kibuye. Mchana nafundisha shule ya upili kama walimu wengine, lakini ni hawa wa jioni walionifanya nitafute laptopu ya kugeuka, ile ambayo kioo chake hukunjika hadi nyuma ukaandika juu yake kwa kalamu. Makosa niliyoyafanya njiani yalinila shilingi 10,350 juu ya bei ya mashine yenyewe, pesa ambazo hazikuwa na sababu ya kutoka. Ninaandika ili anayepanga kununua moja asizitoe.

Wanafunzi wangu hukosa masomo, na si kwa uvivu. Mashua zikichelewa, mama wa samaki hawezi kuondoka ufuoni. Mlinzi akibadilishiwa zamu, anapotea wiki nzima. Tulizoea kumpigia aliyekosa picha ya ubao kwa simu, ila ubao wetu umechakaa na taa ni moja, kwa hiyo picha zilitoka zenye ukungu, alama ya kutoa haionekani. Nikajaribu kuchapa kwa kibodi. Fomula ya milinganyo ya kwadrati, pamoja na kipeuo chake na sehemu yake, ilinichukua dakika kumi, na kwenye simu zao ikafunguka imevurugika. Hisabati inataka mkono. Mwanafunzi anataka kuona mstari unafuata mstari, aone mahali nilipokata na mahali nilipohamisha.

Mwenzangu wa shuleni alikuwa na laptopu ambayo kioo chake huzunguka nyuzi 360 mpaka kikalaliana na mgongo wa kibodi, halafu akaandika juu yake kama daftari. Nilipoona akikokotoa swali la vekta kwa mwandiko wake mwenyewe, na kurasa zikibaki safi tayari kutumwa, nilijua nimepata dawa. Zamu yangu ya chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, ilipofika Februari 2025 nilikuwa na shilingi 45,000 mkononi. Mpya sikuweza. Nikaenda katikati ya mji, kwenye duka moja linalouza mitumba kutoka Uingereza, zile tunazoziita ex-UK.

Kijana wa duka aliigeuza mbele yangu mara tatu. Ikawa hema, ikasimama kama fremu ya picha, ikalala kama kitabu. Nikagusa kioo kwa kidole, picha zikasogea. Nikauliza habari ya kalamu.

"Kalamu utapata popote, madam. Hata kwa maduka ya simu."

Nikalipa 43,500 kwa M-Pesa, nikapanda matatu ya Kondele nimekumbatia begi kifuani. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikufikiria tena lile jibu.

Kalamu ya kwanza niliinunua kwa shilingi 350 kwenye kibanda cha vifuniko vya simu. Ncha yake ni mpira mnene kama punje ya hindi. Inaandika, lakini kioo kinaiona kama kidole tu. Ukikandamiza au ukipapasa, mstari ni uleule, na ukilaza kiganja, kioo hakitofautishi mkono na kalamu. Kila nilipoandika 8 ilitoka kama fundo la kamba.

Ya pili niliiagiza Nairobi kwa shilingi 2,800, ikaja kwa basi. Hii ilikuwa kalamu ya kielektroniki hasa, yenye betri na vitufe ubavuni. Nikaiweka juu ya kioo: kimya. Nikabadilisha betri: kimya. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikajaribu tena. Nilishawishika kwamba kioo kimekufa na kwamba nimetupa pesa za chama. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi kwamba wiki ijayo kila mtu atapata somo kwenye simu yake.

Kioo hakikuwa na kasoro. Kalamu na kioo ni kama ufunguo na kufuli, na mimi nilikuwa nimenunua ufunguo wa nyumba nyingine. Kalamu hizi huzungumza na kioo kwa lugha tofauti. Kuna ya Microsoft iitwayo MPP. Kuna ya Wacom iitwayo AES. Kuna EMR, nayo ni ya Wacom, ambayo kalamu yake haihitaji betri ili iandike, kama ile ya simu za Samsung Galaxy Note. Chromebook nyingi zinazokubali kalamu hutumia USI. Kalamu ya MPP haitaandika kwenye kioo cha AES hata uibembeleze vipi, isipokuwa chache zilizoundwa zijue lugha zote mbili, kwa mfano Wacom Bamboo Ink. Na zipo laptopu za kugeuka, hasa za bei ya chini, ambazo kioo chake kinajua vidole peke yake. Hizo hazina kalamu ya kielektroniki ya kununua popote.

Kumbe ukweli huu unaweza kuujua dukani kwa nusu dakika. Kwenye Windows, fungua mipangilio, ingia kwenye ukurasa wa sifa za mashine, tafuta mstari ulioandikwa Pen and touch, kisha usome jibu lililo mbele yake. Jibu likianza kwa neno Pen, kioo kinakubali kalamu. Likianza kwa Touch, ni vidole tu. Baada ya hapo nakili jina kamili la modeli, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo upande wa chini, uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji ni kalamu zipi zinazoifaa. Mashine nyingine, kama Lenovo ThinkPad X1 Yoga, huweka kalamu yake ndani ya tundu la ubavuni, na zikiwa za mtumba inafaa uchungulie kama tundu lina kitu. Ningefanya hivyo siku ile, ningebaki na shilingi 3,150 na usingizi wangu.

Kalamu ya tatu, ya AES, iligharimu 5,500. Hiyo siihesabu kuwa hasara. Mara ya kwanza nilipoandika nayo, mstari ulinenepa nilipokandamiza na kukonda nilipoinua mkono, na kiganja kimelala kwenye kioo bila kuacha alama. Niliandika jina la marehemu baba, aliyenifundisha kushika kalamu, nikalitazama kwa muda.

Jambo moja kuhusu kalamu hii: betri yake ni AAAA, yaani A nne, nyembamba kuliko ya rimoti. Nilizunguka mjini mchana mzima, kila duka linanipa A tatu. Fundi mmoja aliniambia kwamba baadhi ya betri za mraba za volti 9, zile za alkali, ndani zina seli sita za ukubwa huo. Ni kweli, lakini sikupenda kupasua betri mezani, nawe usipasue. Agiza pakiti mapema, uweke moja ya akiba kwenye begi.

Alhamisi ya kwanza niliingia ukumbini na laptopu, kalamu na projekta ya kanisa. Nilikuwa nimeitumia mashine hiyo na kalamu yake mpya kwa siku nne tu, na hapo ndipo kosa lilipo. Nilipoikunja kuwa daftari, picha ikageuka juu chini ukutani. Nikaigeuza, ikageuka tena. Mdudu wa ziwani akatua kwenye kioo, nikampangusa kwa kiganja, ukurasa ukapaa hadi mwisho wa faili. Kisha betri ikaanza kuisha. Nikachomeka chaja, na kioo kikaanza kujibofya chenyewe: kurasa zinafunguka, mistari inajichora, programu zinajifunga. Mama wa samaki, ambaye alikuwa ameacha biashara yake mapema ili awahi, alikaa kimya na daftari tupu mbele yake. Nilirudi kwenye chaki zikiwa zimebaki dakika ishirini. Nilijisikia vibaya sana, maana muda wa watu wale una thamani kuliko kifaa chochote.

Kile kioo kilikuwa kinajibofya kwa sababu ya chaja. Kioo cha mguso hutambua kidole kwa badiliko dogo sana la chaji ya umeme juu yake. Chaja duni, au isiyo na waya wa ardhini, hupitisha umeme mchafu, na kioo hudhani kimeguswa hapa na pale. Duka lilikuwa limenipa chaja isiyo ya mashine ile, yenye miguu miwili iliyochomekwa kwenye adapta. Dalili ni rahisi kuijua: chomoa chaja, na ukiona utulivu umerudi papo hapo, kioo hakina tatizo. Nilinunua chaja ya wati 65 yenye pini tatu kwa shilingi 3,200, na hali hiyo haijarudi nikiwa nyumbani. Ukumbini soketi zenyewe sina imani nazo, kwa hiyo nafika betri imejaa na naandika bila chaja.

Baada ya jioni ile niliiweka laptopu mbali na darasa kwa wiki tatu. Huo ndio uamuzi bora niliofanya katika safari hii yote. Kila usiku, watoto wakishalala, niliandika ukurasa mmoja wa hisabati, si zaidi.

Nilijifunza kufunga mzunguko wa picha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi O nikiwa tayari nimeshaikunja. Nilijifunza kwamba kibodi hujizima yenyewe kioo kikipita nyuzi 180, kwa hiyo ile hali ya kuhisi vitufe chini ya vidole isikutishe. Katika mipangilio ya kalamu ya Windows 10 nilikuta mahali pa kuamuru kioo kipuuze vidole wakati kalamu inatumika. Ndani ya OneNote, programu ya daftari ya Microsoft, nikazima kitufe cha kuchora kwa kidole. Hayo mawili peke yake yalimaliza tatizo la kurasa kuruka.

Mwandiko ulichukua muda zaidi. Glasi inateleza, na mkono uliozoea chaki au karatasi unapoteza breki. Namba zangu zililala upande, mistari ya sehemu ikapinda. Nilibandika karatasi ya plastiki isiyong'aa, shilingi 1,200, kalamu ikapata msuguano kidogo. Hiyo karatasi inapunguza pia mng'ao wa taa, ingawa rangi zinafifia. Nikaanza kuandika kwa herufi kubwa kuliko za daftarini, na kuinua upande wa juu wa mashine kwa kitabu ili mkono upate mteremko. Na kwa kuwa ukiikunja vitufe hutazama chini na kulala mezani, natandika leso kwanza. Meza za ukumbini zina mchanga, na mchanga ukiingia chini ya vitufe ni kazi nyingine.

Usidhani utaishika mkononi kama tableti. Yangu ina kilo moja na robo hivi. Baada ya dakika tano kifundo cha mkono kinauma. Iweke mezani au mapajani.

Kwa programu, nimebaki na mbili. Xournal++ ni ya bure, inaandika moja kwa moja juu ya faili za PDF, nami naitumia kusahihisha kazi ambazo wanafunzi wananitumia. OpenBoard nayo ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya walimu, ina rula na kipimapembe vya kuchezesha kwenye kioo, na ndiyo ninayoonyesha ukutani. Somo likiisha nageuza kurasa kuwa PDF na kuzituma kwa WhatsApp kama faili, kamwe si kama picha. Ukituma picha, WhatsApp huibana ipungue ukubwa, na ule ukungu wa picha za ubao unarudi palepale.

Mei bawaba ililia. Nilikuwa na tabia ya kufungua kioo kwa kushika kona moja ya juu kwa mkono mmoja, huku mwingine ukipanga vitabu. Kwa laptopu ya kawaida hilo ni kosa dogo. Kwa hii, bawaba zake ni ngumu na zinabeba mzunguko mzima, kwa hiyo ukivuta kona unapinda fremu yote. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea na upande wa kushoto wa fremu umeanza kuachana. Fundi alikaza, akagundisha kipande kilichokatika, akanitoza 4,000, na kunionya kwamba kioo cha mguso kimegundishwa na skrini yenyewe, kwa hiyo glasi ikipasuka vinabadilishwa vyote pamoja, kwa bei inayokaribia nusu ya mashine. Sasa naifungua kutoka katikati kwa mikono miwili, na sibebi kalamu katikati ya kibodi na kioo kama nilivyokuwa nikifanya.

Kisha likaja suala la Windows. Prosesa yangu, yaani ubongo wa mashine, ni ya kizazi cha saba, i5-7300U, nami sikujua maana ya namba hiyo. Maana yake ni kwamba Windows 11 haiikubali rasmi, kwa kuwa kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache, inaanzia kizazi cha nane, zile zenye namba kama i5-8250U. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Nimejiandikisha katika mpango wa nyongeza unaoendelea kutoa masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na baada ya hapo nitahamia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambako Xournal++ na OpenBoard zote zinafanya kazi. Lakini ningejua kusoma ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari, ningeongeza elfu tatu au nne nichukue kizazi cha nane.

Basi, ukienda dukani, nenda mchana usio na haraka na usimruhusu muuzaji akugeuzie mashine. Igeuze mwenyewe, taratibu, duara zima, ukisikiliza bawaba na kutazama kama kona za fremu zinainuka. Fungua programu ya kuchorea ya Paint, chora mistari ya mshazari iliyosongamana kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, pana ukanda uliokufa. Fanya hivyo chaja ikiwa imechomekwa, kisha uichomoe urudie. Andika "powercfg /batteryreport" kwenye dirisha la amri, ufungue faili inayotengenezwa, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa leo. Yangu ilizaliwa na mWh 57,000 (hicho ndicho kipimo cha ripoti hiyo) na nilipokuja kupima, nyumbani, ilikuwa imebaki na 31,000.

Muhimu kuliko yote kwa mtumba wa ofisini: mwombe muuzaji airejeshe mashine katika hali ya mwanzo na kuiunganisha na intaneti ukiwepo. Rafiki yangu wa Nakuru alifanya hivyo nyumbani baada ya kununua, ikamtokea skrini ya kumtaka aingie kwa barua pepe ya kampuni ya ng'ambo iliyokuwa mmiliki wa kwanza. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwao. Muuzaji alimzungusha mwezi mzima kabla ya kumbadilishia.

Pia jiulize kama unaihitaji. Kama tayari una laptopu nzuri na unataka tu kuandika kwa mkono ukutani, kuna vibao vya kuchorea vinavyochomekwa kwa USB. Unaandika kwenye kibao ukitazama skrini. Vinahitaji mazoea, ila bei yake ni ya chini sana kuliko nilichotumia mimi, na hakuna bawaba. Mimi nilitaka kuona kalamu na mstari mahali pamoja, na sijuti.

Nilirudi nayo darasani Jumanne ya wiki ya nne, baada ya zile wiki tatu za mazoezi. Kioo kilitulia. Niliandika swali la eneo la sehemu ya duara kuanzia mstari wa kwanza hadi jibu, na usiku uleule mlinzi, aliyekuwa kazini getini Milimani, alinitumia picha ya daftari lake akiwa amelifuata hatua kwa hatua. Alikuwa amekosea mstari wa tatu. Nikamzungushia duara jekundu, nikamrudishia kabla ya saa tano.

Juzi mama wa samaki alifika mapema, wengine hawajaja. Alisimama nyuma yangu akitazama ninavyopanga kurasa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita mwalimu kwa Kijaluo, "Japuonj, naweza kujaribu?" Nikamwachia kiti. Alipangusa mikono kwa kitenge mara mbili kabla ya kuigusa kalamu. Akaandika x, akaandika alama ya usawa, akaandika 12, akanitazama.

"Hapana, ni kutoa 12. Nafuta wapi?"

Nikamgeuzia kalamu, nikamwonyesha ncha ya nyuma.